Mangina: Bwate otomatike zinakufa njiani, na kila mtu ananyamaza

Wenye gari ndogo za okazio katika komini ya Mangina, wilaya ya Beni, wako na lalamiko moja ambalo linarudi kila msimu wa mvua. Gari inanunuliwa Kasindi ao Butembo ikiwa safi, inafanya kazi miezi michache, kisha bwate yake otomatike inaanza kukataa. Motere inalia, magurudumu hayaendi. Kwa mtu ambaye anazunguka tu mjini Beni, hiyo ni hasara ya pesa. Lakini kwa gari ambayo inabeba watu kati ya Mangina na Beni, karibu kilomita 30, ao ile inayoendelea upande wa Biakato na Mambasa, jambo linakuwa zito zaidi, kwa sababu hizo ni barabara ambazo hakuna mtu anapenda kusimama juu yake.

Wengi wanasema: ni gari za Wajapani zimekuwa mbaya. Wengine wanasema ni barabara. Wengine wanamshitaki fundi. Ukifuata mambo vizuri, kuanzia gari inaposhuka kwenye meli paka siku inapokokotwa na kamba, unaona kwamba bwate nyingi zinakufa juu ya kitu kimoja cha bei ndogo, ni kusema mafuta yake. Na mafuta hayo hayabadilishwi kwa sababu, kati ya watu wote wanaokula kupitia gari hiyo, hakuna hata mmoja ambaye iko na faida ya kuyabadilisha leo.

Kwanza, ni gari gani? Ni zile ambazo kila mkaaji wa Beni na Butembo anajua: Toyota Probox, Ist, Vitz, Raum, Funcargo, Spacio, Fielder, na mara mojamoja Nissan ao Honda Fit. Zote zilitengenezwa kwa ajili ya Japan, njo maana volant iko kuume hata kama sisi Congo tunapita kuume vilevile, na shofere akitaka kupita lori anapashwa kumuuliza abiria wa kushoto kama mbele ni wazi. Zinashukia bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam, zinapita Kampala, Kasese, Mpondwe, zinafika duwane ya Kasindi, kisha kilomita 80 paka Beni. Nyingi zilitoka kiwandani kati ya mwaka 2000 na 2006. Ni kusema gari ambayo mtu anaita «mpya», kwa kuwa ndiyo kwanza inafika, imekwisha kupitisha miaka 20.

Uganda ilipiga marufuku kuingiza gari zenye kupita miaka 15 toka mwaka 2018, na Kenya iliweka mpaka wa miaka 8 zamani zaidi. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilihesabu, katika ripoti ya mwaka 2020, gari ndogo za okazio milioni 14 ambazo ziliuzwa kutoka nchi tajiri kati ya 2015 na 2018, na Afrika njo ilipokea nyingi kuliko sehemu zingine za dunia. Mangina iko mwisho kabisa wa njia hiyo. Gari inapofika hapa, historia yake imekwisha kupotea. Kitabu cha huduma, kama kilikuwa, ni cha Kijapani. Kilometraje iliyo kwenye tabulo hakuna mtu anaiamini, hata muuzaji mwenyewe.

Bei ya kakao ilipopanda duniani, ikapita dola 10 000 kwa tani mwaka 2024, gari hizo ziliingia katika mawazo ya watu wengi zaidi. Mkulima wa Mangina ambaye ameuza vizuri, kama nyumba imekwisha kupata mabati na pikipiki iko, kitu kinachofuata ni gari ndogo ya kubeba watu. Hanunui kwa kujifurahisha. Anaweka ndani pesa ya mavuno mazima, akitumaini itarudi siku kwa siku.

Sasa bwate yenyewe. Mu gari ya ambreyaje, mguu wa shofere njo unaachanisha motere na bwate. Mu gari otomatike, kazi hiyo inafanywa na mafuta. Kati ya motere na bwate kuna kitu cha mviringo kama sufuria mbili zilizofunikana, wanaita konverta. Ndani yake kuna mapanga mawili yanayotazamana kama feni. Motere inazungusha moja, mafuta yanasukumwa, na mafuta hayo yanazungusha la pili. Kisha kuna pompe ambayo inapeleka mafuta yaleyale katika mifereji midogo sana, yanaenda kufinya disiki ambazo zinapanga vitesi. Mafuta hayo yanabeba nguvu, yanafinya disiki, yanalainisha vyuma, na tena yanaondoa moto. Ambreyaje ikiisha, fundi wa Mangina anafungua, anabadilisha disiki, siku moja gari inarudi njiani. Mafuta ya otomatike yakiisha nguvu, kila kitu kinalegea kwa wakati mmoja. Disiki zinateleza, kuteleza kunaleta moto, moto unaunguza mafuta zaidi, na mafuta yaliyoungua yanazidisha kuteleza. Hapo shofere anakanyaga, motere inapanda kwa makelele, gari inatembea kama mgonjwa.

Dalili zinakuja mbele, mara nyingi wiki ao miezi mbele. Asubuhi, unaweka D, gari inangoja sekunde mbili, tatu, ndipo inashika. Kutoka vitesi ya kwanza kwenda ya pili kunakuwa na pigo, kama mtu amegonga gari kutoka nyuma. Mlima ambao ilikuwa inapanda na watu sita inaanza kuukataa. Rivasi inachelewa. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo kuna taa ndogo ya O/D OFF kwenye tabulo. Ikiwaka bila kucheza, ni kwamba mtu amefinya kitufe kilicho kwenye mkono wa bwate. Ikianza kuwaka na kuzimika yenyewe, ni kompyuta ya gari inasema imeona kosa ndani ya bwate. Mashofere wengi wanaiona, wanafikiri ni mambo ya umeme, wanaendelea.

Tufike kwenye mafuta yenyewe, maana hapa njo kuna ujinga mwingi, na haukuanzia Mangina. Maduka ya piesi yanauza chupa nyekundu iliyoandikwa ATF, na watu wanaamini ATF ni ATF, sawa vile chumvi ni chumvi. Si kweli. Toyota za vitesi nne za mwanzo wa miaka ya 2000, kama Probox, Raum na Ist ya kwanza, zinaomba mafuta yanayoitwa T-IV. Zilizofuata zinaomba WS. Chupa ya bei rahisi mara nyingi ni ya aina ya Dexron. Ukiitia kwenye bwate ya T-IV, gari haifi siku hiyo. Inaanza kutetemeka kidogo, kupiga kidogo, na kwa kuwa haikufa pale pale, hakuna mtu anakumbuka ile chupa.

Hatari kubwa iko kwenye bwate za CVT. Hizo hazina vitesi za kupanda ngazi kwa ngazi. Ndani kuna mshipi wa chuma unaokimbia kati ya puli mbili zinazojifungua na kujifunga. Vitz ya pili, iliyotoka mwaka 2005, nyingi ni CVT. Ist ya 2007 pia. Fielder nyingi toka 2006. Honda Fit ya kwanza vilevile. Mshipi huo hauwezi kushika puli vizuri bila mafuta ya aina yake. Toyota iko na yake, Honda na Nissan nazo zina zao, na haziachiane nafasi. Mtu akitia ATF nyekundu ya kawaida ndani ya CVT, mshipi unateleza, unakwaruza puli, na puli iliyokwaruzwa haitengenezwi katika garaji yoyote ya hapa. Kwa macho, Vitz ya otomatike ya vitesi nne na Vitz ya CVT zinafanana. Mkono wa bwate unaanza vilevile: P, R, N, D. Basi fundi ambaye hajauliza aina ya bwate kabla ya kutia mafuta, mwenye gari amuzuize.

Kuna pia lile neno lililokuja pamoja na gari zenyewe, kwamba mafuta ya bwate otomatike ni ya maisha yote. Watengenezaji fulani waliandika hivyo kweli, ao waliandika kwamba katika matumizi ya kawaida hayabadilishwi. Lakini matumizi ya kawaida ni ya Osaka: lami, mtu mmoja ao wawili ndani, foleni kidogo, na gari ambayo mwenyewe ataiuza mbele haijazeeka, kwa sababu kule ukaguzi wa serkali unakuja kila miaka miwili na unalipisha pesa nyingi. Maisha yote waliyofikiria ni maisha ya mwenye gari wa kwanza. Sisi tunaipata katika maisha ya tatu. Vitabu vingi vya watengenezaji haohao vinasema kazi ngumu, vumbi, mzigo na milima vinaomba mafuta yabadilishwe mapema. Ukurasa huo haukupita duwane.

Na barabara? Iko na sehemu yake. Mvua ikinyesha kati ya Mangina na Makeke, udongo mwekundu unageuka sabuni. Gari ikizama, shofere anaweka D, anakanyaga, anaweka R, anakanyaga, tena D, tena R, dakika kumi nzima, wakati magurudumu yanazunguka hewani. Dakika hizo kumi zinaweza kuunguza mafuta kuliko mwezi mzima wa lami. Radiatere nayo inajaa matope, na wengi hawajui kwamba mafuta ya bwate yanapoa ndani ya radiatere ileile ya maji ya motere. Radiatere ikipasuka kwa ndani, maji na mafuta vinachanganyikana, na ukivuta kijiti cha kupimia unakuta kitu cha rangi kama maziwa yenye kutiwa rangi nyekundu. Hapo hata kuwasha tena hapana. Kwa kuwa wengi wanatia ndani ya radiatere maji ya mto, kutu inaanza mapema.

Mzigo, watu wanausema sana kuliko unavyostahili, lakini tuuhesabu. Kule Japan, Probox inaruhusiwa kilo 400 za mzigo kama ndani kuna watu wawili, ao kilo 250 kama wako watano. Huku inabeba wawili pembeni ya shofere, wanne ao watano nyuma, na kofre. Watu wanane wa kilo 60 ni kilo 480. Magunia matatu ya kakao ya kilo 60 yanaongeza 180. Jumla kilo 660, wakati kipimo cha kiwanda, watu na mzigo pamoja, kinazunguka 550. Ni kupita kwa kilo zaidi ya 100. Gari ngumu kama Probox inavumilia hiyo kwenye lami. Mu matope, na mafuta ya miaka 10, haivumilii.

Kuna tabia moja ambayo inaonekana akili na kumbe ni sumu. Kwenye mteremko, shofere anatoa D anaweka N ili asikule mafuta ya kuendesha. Mu gari ya ambreyaje tabia hiyo ni hatari kwa breki tu. Mu otomatike, motere inapozunguka polepole, pompe ya bwate nayo inapeleka mafuta kidogo, na vyuma vya ndani vinakimbia kwa mwendo wa magurudumu. Chini ya mteremko anarudisha D kwa nguvu, na disiki zinashikana kwa pigo. Barabara ya Butembo kwenda Beni, kilomita 54, iko na miteremko ya kutosha kwa kumaliza bwate yoyote kwa tabia hiyo.

Haya yote mafundi wazuri wa Butembo na Beni wanayajua, na mashofere wengi wanajua nusu yake. Kwa nini basi haibadiliki? Jibu liko kwenye versement.

Mapatano ya kawaida ni haya: shofere anamuletea mwenye gari kiasi kilichokubaliwa kila siku, anatia mafuta ya kuendesha yeye mwenyewe, kinachobaki ni chake. Vitu vidogo, kama kuziba gurudumu, ni juu ya shofere. Vitu vikubwa ni juu ya mwenye gari. Mafuta ya motere yamepata nafasi katika mapatano hayo, kila mtu anajua tarehe yake. Mafuta ya bwate hayana nafasi. Si kidogo kiasi cha shofere kulipa bila kusema, wala si kikubwa kiasi cha mwenye gari kukiona.

Shofere njo wa kwanza kujua. Yeye anasikia kila asubuhi ile D inayochelewa. Lakini akisema, mambo mawili yanaweza kumpata. Gari itaingia garaji, na siku hiyo hatakula. Ao mwenye gari atasema: ilikuwa nzima nilipokupa, wewe njo umeivunja, na funguo zitaenda kwa shofere mwingine. Basi ananyamaza, anaendesha kwa uangalifu, anatumaini itakufa mikononi mwa anayefuata. Mwenye gari, ambaye pengine anakaa Butembo ao iko shambani upande wa Biakato, anaona pesa ya jioni tu. Pesa ikifika, gari ni nzima. Fundi naye, akisema mapema «tubadilishe mafuta ya bwate», anaonekana mwizi anayetafuta kula. Akingoja bwate ife, anaitwa mwokozi na analipwa mara nyingi zaidi. Komisionere aliyeuza gari yuko mbali na mnunuzi mwingine. Kila mmoja wao anafanya hesabu ambayo kwake ni sawa. Bwate inakufa ndani ya hesabu hizo.

Mafuta ya kweli, litre 3 ao 4, yanalipwa kwa pesa ya siku chache za versement. Bwate ya okazio inakula miezi. Mwenye gari anayetaka kuokoa pesa yake aanzie kwenye mapatano, mbele ya kwenda garaji: siku moja ya garaji ambayo shofere hadaiwi kitu, imeandikwa tangu mwanzo na tarehe yake, na shofere anayesema mapema kwamba bwate inachelewa asipokonywe gari. Vyama vya mashofere, kama ACCO, vinajadili kila wakati bei ya safari na vizuizi vya barabarani, na ni haki yao. Jambo la nani analipa mafuta ya bwate lingefaa lipate nafasi kwenye meza ileile.

Kwa gari ambayo mafuta yake yamekwisha kuwa meusi, kuna mabishano ya kweli kati ya mafundi. Wengine wanakataa kuyabadilisha, wakisema mafuta mapya yanaua bwate mzee. Wako na sababu kidogo. Disiki zikiisha, unga wake unaelea ndani ya mafuta ya zamani na unazisaidia kushika. Ukiosha yote kwa mara moja, zinateleza. Lakini hapo bwate ilikuwa imekwisha kufa, mafuta mapya yalileta habari tu. Njia ya katikati ni kufungua chini, ambako kunatoka karibu litre 3, nyingine ikibaki ndani ya konverta, kutia kiasi kilekile cha mafuta mapya, kutembea siku kadhaa, kisha kurudia mara mbili ao tatu. Sahani ya chini ikifunguliwa, iangaliwe. Ndani yake kuna sumaku ndogo. Unga mwembamba kama matope meusi ni uzee wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole ni habari mbaya, na heri kuweka pesa ya mafuta pembeni kwa ajili ya bwate nyingine.

Bwate nyingine inatoka Kampala mara nyingi, kwenye soko la Kisekka, ambako piesi za gari zilizokatwa zinauzwa kwa wingi. Ni biashara ya kuamini macho. Bwate haipimwi mezani, na neno la muuzaji linaishia kwenye mlango wa soko. Mtu anayetumwa awe na namba iliyoandikwa kwenye bati ya gari ndani ya motere, kwa sababu bwate mbili za Probox zinaweza kufanana na plagi zao zikatofautiana, ao moja ikawa ya gari inayosukuma magurudumu manne. Kosa linalorudia sana linafanyika nyumbani: bwate mpya inafungwa, lakini mirija na radiatere haviosheki. Unga wa chuma wa bwate iliyokufa unaingia kwenye ile mpya, na baada ya muda mfupi watu wanasema Kampala wamewadanganya.

Ndiyo maana wengine wanaamua kutoa otomatike kabisa na kuweka ya ambreyaje. Kwa Probox ni kazi inayojulikana, kwa sababu zilitoka pia na bwate ya mkono kiwandani: pedali, volan ya motere, disiki, mihimili ya magurudumu, na waya za kuifanya kompyuta ikubali kuwasha. Kwa barabara ya Mangina na Biakato, kama mtu bado hajanunua, afadhali atafute ya ambreyaje tangu mwanzo. Lakini mlango huo unajifunga. Toyota ilibadilisha Probox mwaka 2014, na tangu pale ile ya mjini Japan ilitoka na CVT tupu. Kila mwaka unaopita, za mkono zinazidi kuzeeka, na zile za CVT njo zinasogea Kasindi. Matatizo ya leo ni ya bwate za vitesi nne, ambazo ni ngumu. Yanayokuja ni ya mishipi ya chuma.

Mtu asifikiri hayo ni ya maskini peke yake. Marekani, wenye Nissan za CVT walilalamika paka kampuni ikakubali, mwaka 2009, kurefusha garanti ya bwate kwa gari za 2003 paka 2010: miaka 10 ao karibu kilomita 193 000. Kati yao kulikuwa na Versa, ambayo huku tunaita Tiida. Kule mwenye gari aliingia kwa muuzaji akatoka na bwate mpya bila kulipa. Garanti hiyo haifuati gari paka Mpondwe, lakini udhaifu wa bwate unaifuata.

Tunarudi kwenye hatari yenyewe, ile ambayo haihesabiwi kwa dola. Tangu hali ya dharura ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, mwezi wa 5 mwaka 2021, na hata baada ya jeshi la Congo na lile la Uganda kuanza operesheni pamoja mwezi wa 11 mwaka huohuo, waasi wa ADF hawakuacha kushambulia vijiji na barabara za wilaya ya Beni na Mambasa. Gari inayokataa saa kumi na moja ya jioni katikati ya msitu inaacha watu wanane pembeni ya njia. Na mgonjwa anayepelekwa Beni usiku, ao mama wa kuzaa, hangoji disiki zipoe.

Gari otomatike haiwaki kwa kusukumwa. Pompe yake inazungushwa na motere, na bila motere hakuna mafuta ya kufinya disiki, hata kijiji kizima kisukume. Betri iliyochoka ni hatari sawa na bwate iliyochoka. Lakini inaweza kusukumwa pembeni ya barabara ikiwa kwenye N. Kama betri imekufa na mkono wa bwate umefungwa kwenye P, Toyota nyingi ziko na kifuniko kidogo karibu na mkono huo, kimeandikwa SHIFT LOCK. Unafinya ndani yake kwa ncha ya ufunguo, mkono unafunguka. Kukokota kwa kamba kunakubaliwa kwa mwendo mfupi na polepole, chini ya kilomita 30 kwa saa, kontakte ikiwa wazi ili volant isijifunge. Kuikokota Mangina paka Beni kwa mwendo wa haraka ni kuimaliza, kwa sababu magurudumu yanazungusha vyuma vikavu. Heri ipakizwe juu ya lori, ao magurudumu ya mbele yainuliwe. Na mbele ya kuingia matope ao mlima mkali, shofere ashushe mkono kwenye L, asiiache bwate itafute vitesi yenyewe.

Kwa anayejiandaa kwenda Kasindi ao Butembo kununua, mambo yanajulikana asubuhi. Afungue kontakte bila kuwasha, aangalie kama taa zote za tabulo zinawaka kwanza; ile isiyowaka kabisa huenda imetolewa. Awashe, avute kijiti cha bwate kama kiko, apake tone kwenye karatasi nyeupe: nyekundu ni nzuri, kahawia ni mzee, nyeusi yenye harufu ya kuungua, aende zake. Aweke D na mguu juu ya breki, ahesabu. Aweke R, ahesabu tena. Apande mlima, Butembo haikosi. Na akikuta muuzaji amekwisha kuwasha motere na kuipasha moto mbele yeye hajafika, aombe izimwe, arudi kesho yake mapema, gari ikiwa baridi.